Kuzunguka Bogotá: TransMilenio, teksi ya njano, gari la programu au miguu?

Siku ya kwanza tu Bogotá utaambiwa usitoe papai. Atakuambia mwenye hoteli, atakuambia mama muuza kahawa, na polisi naye atarudia: no dar papaya. Papai lenyewe ni simu uliyoishika ukingoni mwa barabara, begi ulilolitundika nyuma ya kiti mgahawani, pochi inayochungulia mfuko wa nyuma. Ukilitoa, litaliwa. Wenyeji wana tabia ya kumlaumu aliyelitoa kabla ya aliyelila, jambo ambalo sijalizoea mpaka leo, maana kwetu mwizi ndiye mwizi. Lakini onyo lina kazi yake, na ndilo lililonisaidia kupanga ulinganisho huu.

Mgeni ana njia nne za kawaida za kuzunguka mji mkuu huo wa Kolombia: mabasi ya TransMilenio, teksi za njano, magari yanayoitwa kwa programu ya simu, na miguu yake mwenyewe. Nimezitumia zote, na kila moja imenipa siku nzuri na siku ya kujuta. Wengi hukwama kwa sababu huuliza ipi ni salama, kana kwamba usalama umefungwa ndani ya gari. Visa vingi nilivyosimuliwa, na kimoja nilichokiona kwa macho, vilitokea kabla mtu hajakaa au akishashuka: mlangoni mwa basi, kwenye daraja la waenda kwa miguu, barabarani mtu akitafuta namba ya nyumba.

Vipimo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo manne. Kusubiri: unasimama wapi, na nani anakuona? Ndani: nini kinaweza kukupata ukiwa safarini? Kushuka: unaachwa umbali gani na mlango unaoutaka? Halafu muda na pesa. Baada ya hapo nasema inamfaa nani.

Kuna na jambo la saa, linalogusa yote manne. Hapo msemaji wa Kiswahili ana bahati. Bogotá iko karibu na ikweta kama kwetu, jua linachomoza karibu saa 12 na kuzama karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo saa zetu zinafanya kazi kule bila kubadilishwa. Saa zote nilizoandika humu ni za Kiswahili: saa 1 jioni giza limeshaingia, na mji umeshabadilika tabia.

Kabla hujachagua chombo, jifunze kusoma anwani. Milima iko mashariki. Ukiwa umepotea, inua macho uitafute. Barabara ziitwazo calle zinakatiza mashariki kwenda magharibi, na namba zake zinapanda kadiri unavyokwenda kaskazini. Zile za carrera zinafuata safu ya milima, na namba zinapanda kadiri unavyoipa milima mgongo. Anwani ikisema Calle 70 # 9-25, ujue ni kwenye Calle 70, mita kama 25 kutoka Carrera 9. Mtego ni neno Sur. Calle 26 na Calle 26 Sur ni sehemu mbili tofauti kabisa za mji, na dereva atakupeleka uliposema, hata kama sipo ulipokusudia.

TransMilenio

Mtu wa Dar akiingia kituo cha TransMilenio atajiona yuko nyumbani: vituo katikati ya barabara, njia za mabasi peke yake, kadi mlangoni, milango inayofunguka basi likishasimama. Huu ndio mfumo uliokuja kuigwa na miji mingi. Ulianza Desemba 2000, Enrique Peñalosa akiwa meya, na mwendokasi yetu iliyoanza kubeba abiria mwaka 2016 ni mdogo wake wa damu.

*Kusubiri.* Unasubiri ndani ya kituo chenye taa, watu na walinzi, na hapo TransMilenio inashinda kusimama barabarani. Kadi inaitwa TuLlave, unainunua na kuijaza dirishani. Jaza ya safari kadhaa kwa mara moja ili usiwe unatoa pesa kila siku. Kazi ipo kwenye kusoma mabasi. Kila basi lina herufi na namba, na herufi ndiyo inayosema linaelekea ukanda gani. Mara ya kwanza nilishika namba nikasahau herufi. Nilikuwa nakwenda uwanja wa ndege, nikaona 86, nikaruka ndani. Vituo viwili mbele nikashangaa milima iko usoni badala ya kisogoni. Linalokwenda uwanja wa ndege ni K86. Mimi nilipanda M86, lilelile likirudi upande wa Carrera Séptima, yaani Carrera 7. Dada aliyekaa karibu yangu alilitazama sanduku langu, akacheka, akaninyooshea kidole nishuke.

*Ndani.* Kama umewahi kupanda basi Kimara saa 1 asubuhi huhitaji maelezo. Kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na tena saa 11 hadi saa 2 usiku, hakuna pa kuweka hata mguu. Hapo ndipo wachomoaji wanapofanya kazi. Nilichokiona kwa macho ni hiki: kijana mmoja alisimama mlangoni kama aliyesahau kuwa anashuka. Wa pili akawa anasukuma kutoka nyuma, analalamika kwa sauti. Mzee aliyebanwa katikati akainua mikono yote miwili kujishikilia kwenye bomba, na mkono wa mtu wa tatu, ambaye sura yake sikuiona, ukapita chini ya koti lake. Mlango ulipofungwa wote watatu walikuwa nje. Mzee alikuja kujua kituo kilichofuata. Kwa hiyo begi liwe kifuani, simu iwe mfuko wa ndani wenye zipu, na ukiona mtu ameganda mlangoni bila sababu, rudi nyuma usubiri basi jingine. Wanawake nao wanalalamikia kushikwashikwa kwenye msongamano. Mabasi ya mchana kati ya saa 4 na saa 9 yana nafasi zaidi na balaa hilo hupungua.

*Kushuka.* Udhaifu wake mkubwa ndio huu. Vituo vingi unatoka kwa daraja refu la chuma, na usiku daraja hilo halina pa kukimbilia. Halafu bado una mitaa mitatu minne ya kutembea. Mchana ni sawa. Usiku shuka pale ambapo wengi wanashuka, na vuka pamoja nao.

*Muda na pesa.* Mwaka 2025 nauli ilikuwa peso 3,200, hata dola moja haifiki. Saa za foleni hakuna gari dogo litakaloshindana nalo kwenye njia zake. Kadi hiyohiyo inalipia mabasi ya buluu ya mitaani, ambayo hayapokei pesa taslimu kabisa, na vibanda vya waya vya TransMiCable vinavyopanda vilima vya Ciudad Bolívar tangu Desemba 2018. Mandhari ya huko juu ni ya kukumbukwa. Nenda mchana, ukiwa na mwenyeji.

*Inamfaa nani.* Aliyekaa zaidi ya siku tatu, anayesafiri na begi dogo, mchana, kati ya sehemu zilizo karibu na vituo. Mwenye sanduku mbili na uchovu wa safari ya ndege atafute kingine.

Teksi ya njano

*Kusubiri.* Mchana, foleni rasmi ya teksi uwanja wa ndege wa El Dorado au kwenye maduka makubwa haina tatizo. Usiku usinyooshe mkono barabarani. Kuna uhalifu wenye jina lake pale, paseo millonario, yaani matembezi ya milionea: unapanda teksi uliyoikamata njiani, baada ya mitaa miwili inapunguza mwendo, watu wawili wanaingia, na unazungushwa kwenye mashine za benki mpaka kadi ikauke. Wengine hushikiliwa hadi saa 6 ya usiku ipite ili kikomo cha kutoa pesa kianze upya. Kinga yake ni rahisi mno: teksi iitwe na mtu. Hoteli, mgahawa, mlinzi wa jengo, wote wamezoea kukuitia. Ikiitwa kwa simu, dereva hukuuliza neno la siri, ambalo kwa kawaida ni tarakimu mbili za mwisho za simu iliyotumika. Asipouliza, muulize wewe.

*Ndani.* Namba ya gari imeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Ipige picha au mtumie ndugu. Ndani lazima iwepo kadi yenye picha ya dereva na jedwali la bei. Funga milango, vioo juu, begi miguuni, hasa kwenye taa nyekundu. Malipo ya ziada ya usiku, ya sikukuu na ya uwanja wa ndege ni halali, hivyo usigombane nayo bure. Unachopaswa kukataa ni mita iliyozimwa. Na usilipe kwa noti ya peso 50,000: mara hana chenji, mara anakurudishia noti akisema ni bandia, na kweli ni bandia, ila siyo uliyompa. Weka noti ndogondogo mfuko wa pembeni.

*Kushuka.* Hapa teksi ni bingwa. Anakufikisha mlangoni, na ukimwomba asubiri mpaka mlango ufunguliwe, madereva wengi watasubiri kwa moyo mmoja. Wazee kwa vijana, nimekutana na waungwana wengi kwenye usukani kuliko wahuni.

*Muda na pesa.* Foleni ya Bogotá ni ya kutisha, na ujenzi wa njia ya kwanza ya metro, ile ya juu ya nguzo, umebana barabara zaidi. Safari ya katikati ya mji mara nyingi itakuwa kati ya peso 10,000 na 25,000. Kutoka uwanja wa ndege kwenda eneo la Chapinero ongeza karibu mara mbili.

*Inamfaa nani.* Mwenye mizigo, mwenye watoto, mzee, na yeyote asiye na intaneti lakini ana maneno machache ya Kihispania.

Gari la programu

Uber, DiDi, Cabify na inDrive zote zinafanya kazi. Kisheria ziko kwenye ukungu: Uber iliondoka nchini Februari 2020 kwa amri ya mamlaka, ikarudi mwezi huohuo kwa mtindo wa kukodisha gari pamoja na dereva. Ndiyo maana dereva anaweza kukuomba ukae kiti cha mbele, muonekane kama marafiki mbele ya polisi wa barabarani. Hakutongozi, anakwepa faini. Ukiwa mwanamke peke yako na hutaki kukaa mbele, futa safari, ita nyingine.

*Kusubiri.* Udhaifu wake unasahaulika kwa kuwa unakuja na urahisi. Umesimama barazani, simu mkononi, unatazama kigari kinavyosogea kwenye ramani: papai limeiva, limemenywa, limekatwa vipande. Mkwapuaji wa pikipiki anahitaji sekunde moja. Subiri ndani, toka ukishaiona namba ya gari kwa macho. Uwanja wa ndege dereva anaweza kukutaka mkutane sehemu nyingine ya maegesho, na kuzurura na sanduku huku unasoma ujumbe ni shida tupu. Kwa safari hiyo ya kwanza mimi huchukua teksi ya foleni.

*Ndani.* Linganisha namba ya gari, sura na jina kabla ya kufungua mlango, na muulize dereva anamfuata nani badala ya kumtajia jina lako. Safari ina kumbukumbu, unaweza kumtumia ndugu aifuatilie, na anwani umeshaiandika, kwa hiyo huhitaji Kihispania. Kwa mgeni asiyejua lugha hilo peke yake lina thamani kubwa.

*Kushuka.* Mlangoni, kama teksi.

*Muda na pesa.* Foleni ni ileile. Bei unaiona kabla, lakini mvua ikinyesha au saa 12 jioni ikifika inapanda. inDrive unapatana bei kama sokoni; rahisi, ila usishangae gari likija limechoka. Programu hizo zina pikipiki pia, na mtu wa bodaboda atavutiwa. Lami ya Bogotá ikilowa huteleza, na mvua ya mchana haipigi hodi. Mimi nilipanda mara moja, ikatosha.

*Inamfaa nani.* Anayerudi usiku, asiyejua Kihispania, mwenye laini ya simu yenye intaneti.

Miguu

*Kusubiri* hakuna, na *ndani* ni mtaa wenyewe, kwa hiyo swali ni mtaa gani, saa ngapi. La Candelaria, mji mkongwe wenye Plaza de Bolívar na makumbusho ya mchoraji Botero, asubuhi hadi alasiri ni wa kutembea kwa raha. Wanafunzi wamejaa vichochoroni, kahawa inauzwa kwenye vikombe vidogo, Carrera Séptima imefungwa magari kwa kipande kirefu na imejaa wapiga muziki. Saa 12 jioni ofisi zinafungwa, wanafunzi wanaondoka, na mtaa uleule unabaki na mbwa na watu wawili kwenye kona. Ondoka nao. Kaskazini, kwenye Zona G, Parque 93 na Usaquén, unaweza kutembea baada ya chakula cha usiku kwenye barabara zenye migahawa, ila usikate njia za ndani kufupisha.

Njia ya kutoka La Candelaria kwenda chini ya mlima Monserrate ndiyo inayowaponza wengi. Kwenye ramani ni karibu, na kanisa jeupe unaliona pale juu, linakuita. Kipande hicho kina historia ya watu kuporwa. Chukua gari hadi kituo cha chini, kisha panda kwa kibanda cha waya au kwa treni ya mlimani. Kilele kiko mita 3,152, na mji wenyewe mita 2,640. Aliyetoka Tanga au Mombasa kichwa kitamgonga siku ya kwanza na ngazi kumi zitamtoa pumzi. Wa Nairobi atateseka kidogo tu. Siku hiyo tembea taratibu, kunywa maji.

Mwenye miguu ndiye pia anayekutana na polisi wa uongo: mwanamume aliyevaa nguo za kiraia, kitambulisho kinachopita machoni upesi, anataka kukagua pasipoti na pesa zako. Usitoe pochi. Mwambie mwende pamoja kwenye CAI, vile vituo vidogo vya polisi vya mitaani, au piga 123. Vilevile usipokee kinywaji, sigara wala karatasi kutoka kwa usiyemjua. Kuna dawa ya kulevya inayoitwa burundanga inayomfanya mtu akabidhi kila kitu bila kubisha, asikumbuke kesho yake.

*Muda na pesa.* Bure, na umbali mfupi ni haraka kuliko gari. Beba koti la mvua hata anga likiwa jeupe.

*Inamfaa nani.* Mwenye mchana mzima, viatu vizuri na simu anayoweza kuisahau mfukoni. Ukitaka kuangalia ramani, ingia dukani.

Kwa hali yako

Umetua saa 5 usiku, umechoka: teksi ya foleni rasmi au gari ambalo hoteli imelituma. Usianze kujifunza TransMilenio na masanduku.

Una mkutano saa 2 asubuhi upande wa pili wa mji: gari dogo likutoe saa 12, au TransMilenio ukiwa na begi la nyaraka tu. Uliza wenyeji wako ofisi iko mbali gani na kituo. Ikizidi mitaa mitano, chukua gari.

Uko mwezi mzima kwa masomo: TuLlave mchana, programu usiku. Utachoka kulipia gari kila siku, kwenda na kurudi.

Unasafiri peke yako, mwanamke: mchana njia zote nne ziko wazi kwako. Saa 12 jioni ikipita, agiza gari ukiwa ndani na umtumie mtu safari yako, hata kama ni mitaa sita tu.

Mko wanne: gawaneni teksi, bei ya kila mtu haitakuwa mbali na ya basi.

Simu imeibwa na hujui uelekee wapi: ingia mgahawa wowote, waombe wakuitie teksi. Ndiyo maana anwani ya hoteli iandikwe kwenye karatasi, na Sur yake kama ipo.

Jumapili au sikukuu asubuhi: acha vyote. Tangu 1974 mji hufunga barabara kwa ajili ya watu wa baiskeli na miguu, na sasa ni zaidi ya kilomita 120, saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana. Carrera Séptima inakuwa yako kuelekea kaskazini, milima mkono wa kulia, babu na wajukuu wakikupita kwa baiskeli. Ukifika Usaquén soko la Jumapili limeshafunguliwa. Nunua almojábana, ule mkate laini wa jibini, ukiwa bado wa moto, na uangalie saa: ikipiga 8 magari yanarudi, na wewe unarudi kuwa abiria.